Foleni: Amri ya Babu Iliyofika Manzese

Darasa langu la udereva lina meza moja, mabenchi mawili na kopo la vizibo vya soda. Liko Manzese, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, upande wa Tip Top, na ukifungua dirisha honi zinaingia kabla ya hewa. Juu ya meza nimechora mji kwa rangi nyeupe: njia panda, kivuko cha pundamilia, reli, na katikati duara kubwa. Vizibo vyekundu ni daladala, vya kijani ni malori, na vile vya maji ya chupa, vinavyopeperushwa na feni, ni bodaboda.

Siku moja niliandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza, KEEP LEFT, nikauliza maana yake. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akanyoosha mkono.

"Mwalimu, keep ni kutunza. Left ni kilichobaki. Kwa hiyo, tunza kilichobaki."

Darasa zima likacheka. Mimi nilimtetea, kwa sababu kwa kamusi hakukosea. Kitenzi keep Waingereza wanakitumikisha kweli kweli. Uki-keep kuku, unamfuga; ahadi, unaitimiza; siri, unaificha; kimya, unanyamaza. Sisi kila kazi tumeipa kitenzi chake. Barabarani tunasema shika kushoto, na mkono hauhusiki.

Nikaweka kidole kwenye duara la katikati ya meza. "Na hiki kinaitwaje?"

"Kipilefti!" wakajibu kwa pamoja.

"Basi jibu mnalo." Wakatazamana. Msichana mmoja aliyekaa mwisho akalirudia neno polepole, silabi kwa silabi, kisha akajishika kichwa.

Waingereza walipoleta magari walileta na vibao vyao. Kwenye kisiwa cha katikati ya mzunguko walisimamisha kibao chenye maneno hayo, kumtaka dereva apite kushoto. Dereva wetu, utingo wake na muuza karanga wa pembeni hawakuwa na haja na sarufi ya mzungu. Waliona kitu, waliona kina jina, wakalitaja. Na kwa kuwa jina lilianza na "ki", Kiswahili kilikuwa na mahali pa kuliweka: kimoja kipilefti, viwili vipilefti. Tulikwisha kufanya hivyo kwa Waarabu. Wao wingi wa kitab ni kutub; sisi tukasema vitabu. Gereji za hapa Manzese zina mfano wa upande wa pili. Mudguard ya Mwingereza ilipoingia, masikio yetu yalisikia "ma" ya wingi, ikawa madigadi, na fundi akitaka moja tu anaagiza digadi.

Siku ile somo lilikuwa la kipilefti, lakini nilirudi nyumbani nikifikiria neno jingine, ndugu yake kabisa, ambalo nililisikia nikiwa mtoto kabla sijajua gari ni nini. Neno hilo ni foleni.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya. Vijana wa leo hawalijui jina hilo. Keya ni K.A.R., King's African Rifles, jeshi la Mfalme wa Uingereza la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902. Katika Vita vya Pili vya Dunia vikosi vyake vilipigana Abisinia na Madagaska, na mwaka 1944 vikapelekwa Burma kupambana na Wajapani misituni. Babu alikuwa miongoni mwa waliofika Burma. Alirudi Kilosa na blanketi la kijivu, kikombe cha bati na maneno.

Jioni, ugali ukiwa tayari, alisimama mlangoni akapaza sauti: "Folen!" Wajukuu tulikimbia kutoka tulikokuwa tukajipanga kwa urefu, mkubwa kulia, mdogo kushoto, vidole vimenyooka mapajani. Alitukagua mikono. Mwenye mikono michafu alirudi mtungini. Halafu akasema, "Folaut!" tukatawanyika kwenda kula. Tulidhani ni Kiburma.

Ilikuwa Kiingereza. Fall in, neno kwa neno, ni "anguka ndani", na paa likiporomoka Mwingereza atasema hivyo hivyo. Lakini sajini akiyatamka maneno hayo kiwanjani yana maana moja tu: kila mtu mahali pake, bega kwa bega, macho mbele. Fall out ni kinyume chake: tokeni mstarini, mko huru. Mitaani kwao fall out ni kugombana pia, watu waliopendana wakaachana. Babu hakujua habari za paa wala za wagomvi. Alichojua ni kwamba ukiisikia ile ya kwanza ukachelewa, jua la adhuhuri litakukuta umebeba mawe.

Jeshi lile lilikuwa na Kiswahili chake. Maofisa wa Kiingereza walilazimika kukijifunza ili wazungumze na askari, na kwa kuwa askari walitoka makabila ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, kilizaliwa Kiswahili cha kambini kilichochakaa kingo, hata kikapewa jina lake, Ki-KAR. Lakini amri za gwaride zilibaki Kiingereza. Askari alizisikia mara nyingi kwa siku, kwa sauti ya juu, bila kuelezwa kila neno lina nini ndani. Akalishika lile analolisikia, akaliongezea "i" mwishoni, maana mdomo wetu hauna raha na neno linaloishia kwa "n" kavu. Fall in ikawa foleni. Kisha likatokea jambo ambalo sajini hakulitarajia: amri ikawa jina la mstari wenyewe. Watu hawakuambiwa tena foleni. Waliingia kwenye foleni, walipanga foleni, walitoka kwenye foleni.

Jumapili alfajiri, mji ukiwa mtupu, huwapeleka wanafunzi wangu Posta wakajifunze kuzunguka Sanamu ya Askari. Kabla ya Vita vya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamesimamisha mahali pale sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliing'oa. Ilipelekwa Uingereza, kisha ikafika Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza waliweka pale askari wa shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, bunduki na singe vikielekea bandarini, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita vile. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa. Kambi ya kikosi chao, Carrier Corps, ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo.

Kila nikifika pale naona maneno yangu mawili mahali pamoja. Mtu aliyepangwa foleni amesimama katikati ya kipilefti.

Foleni iliingiaje mitaani? Kwa upande wa nyumbani kwetu, iliingia kwa mlango wa duka.

Baba alikuwa utingo wa malori, akahamia Dar es Salaam na kujenga chumba na sebule Manzese, wakati huo ikiwa Kinondoni. Leo iko Wilaya ya Ubungo. Manzese ilikua bila kupimwa. Watu walinunua kiwanja kwa mwenye shamba la minazi au mikorosho, wakajenga, na barabara ikatafutwa baadaye. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilivuta wengi zaidi. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa viwanja na huduma. Sinza na Kijitonyama zikapimwa viwanja vipya. Manzese haikubomolewa, ilipitishiwa barabara, mifereji na mabomba ya maji. Kwenye bomba ndipo nilipoona foleni ya kwanza ya ndoo.

Kisha mambo yakawa magumu. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilikuwa imefunga maduka mengi ya watu binafsi ili ya vijiji na ya ushirika yachukue nafasi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni, mafuta yakapanda bei, viwanda vikakosa vipuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni, mafuta ya kula na khanga viliadimika. Watu walifulia majani ya mpapai. Tulikula unga wa njano wa msaada uliopewa jina la Yanga kwa rangi ya klabu hiyo ya soka.

Habari zikivuma kwamba duka la ushirika litapokea sukari kesho, mama alitoka usiku na kipande cha tofali kilichopakwa rangi ya bluu upande mmoja. Alikiweka mlangoni mwa duka nyuma ya mawe ya wenzake, akarudi kulala. Kulikuwa na mawe, vikapu vilivyochanika, makopo, hata kandambili moja. Kila kitu kilikuwa mtu.

"Mama, jiwe litajuaje zamu yake?" nilimwuliza.

"Jiwe halichoki, mwanangu. Mimi nachoka."

Asubuhi moja tulikuta mawe yamesukumwa pembeni na mlevi, au na mtu mwenye akili zake timamu. Kina mama wakaanza kushikana khanga, kila mmoja akidai alikuwa wa tatu. Alijitokeza mzee mmoja jirani, mstaafu wa jeshi, akavuta pumzi, akapaza sauti ile ile ya babu: "Foleni! Foleni!" Nilijikuta nimenyoosha vidole mapajani. Kina mama wakajipanga, wakinung'unika, na mzee akawagawia nafasi kwa umri. Mama akawa wa kumi na tisa. Sukari iliishia kwa wa kumi na saba.

Mwenye duka alipofunga dirisha hakuna aliyesema neno la kuwaruhusu waondoke. Waliendelea kusimama karibu saa nzima.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tulilihitaji neno hili. Tulikuwa na mstari, safu, msafara na msululu. Kenya, mwaka 1988, wapiga kura walipangwa nyuma ya wagombea na uchaguzi ule ukaitwa wa mlolongo, neno zuri tu. Jibu nililipata kwa kuwatazama siafu uani kwangu. Wanakwenda mstari mmoja, tena kwa nidhamu inayoshinda ya gwaride, lakini sijamsikia mtu akisema siafu wamepanga foleni. Siafu wanakwenda. Foleni inangoja. Na inangoja mkono wa mtu aliye mbele mwenye uwezo wa kufungua au kufunga: sajini, mwenye duka, daktari, karani, trafiki. Kipilefti kilipoingia Kiswahili kiliisahau amri iliyomo ndani yake, hata mwanafunzi wangu akaniletea habari za kutunza kilichobaki. Foleni haikusahau. Sajini aliondoka, lakini mahali pake mbele ya mstari hapakubaki wazi.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa, na kuanzia 1985 Rais Ali Hassan Mwinyi akafungua zaidi. Watu wakamwita Mzee Ruksa. Sabuni ikarudi. Nguo za mitumba zikamwagika Manzese, na kipande cha tofali cha mama kikawa cha kuzuia mlango. Nilidhani foleni imekwisha. Kumbe ilikuwa inahama, inatoka dukani inakwenda barabarani.

Nilipoanza kupanda magari ya mjini tulisafiri kwa mabasi ya shirika la umma, UDA, na yale marefu ya Ikarus tuliyaita kumbakumba. Yalipopungua, mwaka 1983 watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria, nauli ikiwa shilingi tano, yaani dala, na ndipo daladala zikapata jina. Zilikuwamo Chai Maharage, magari yenye mabenchi ya kutazamana, unashuka ukiwa umemjua jirani yako hadi ukoo. Foleni siku hizo ilikuwa ya watu kituoni. Mitumba ya nguo ikafuatwa na mitumba ya magari. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji huu na watu wasiofika 300,000; ya 2012 ikahesabu 4,364,541. Barabara ya Morogoro ilibaki ile ile, njia ya kila lori liendalo bara, na mbele yake Ubungo Mataa. Watu wakaanza kusema "nimekwama kwenye foleni" wakiwa wamekaa kwenye viti.

Niliendesha malori zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nazijua foleni kwa majina. Tunduma, mpakani mwa Zambia, nimewahi kulala siku tano ndani ya kichwa cha lori, nikajua majina ya watoto wa mama lishe. Rusumo ni kinyume: ukivuka mto Kagera unahama upande, maana Rwanda wanaendesha kulia. Safari yangu ya kwanza Kigali, utingo wangu alinyoosha kidole: "Mzee, kipilefti kile pale, zunguka twende." Nikakizunguka kwa kulia. Neno lilisema kushoto, usukani ukaenda kulia, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu mpaka usiku tukila. Ukiendelea mpaka Goma utasikia mzunguko ukiitwa kwa Kifaransa, rond-point. Mbelgiji naye alikuwa na vibao vyake.

Foleni ya magari nayo imezaa lugha yake hapa Dar. Anayeingiza pua ya gari kwenye nafasi isiyo yake anachomekea. Anayepita pembeni kwenye vumbi ili awapite waliotulia anatanua. Ni wajukuu wa yule aliyesukuma mawe ya kina mama usiku. Na foleni imezaa soko. Pale Manzese gari likisimama, vijana wanatokea kati ya njia na maji, korosho, chaja za simu, vitambaa vya vioo na ramani za Tanzania. Nimeshuhudia mtu akinunua pasi. Siku trafiki anaporuhusu magari haraka, vijana hao wanalala na hasara.

Mwezi Mei mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza safari kati ya Kimara na Kivukoni, kwenye njia yao wenyewe, na Manzese ikapata vituo. Februari 2021 Rais John Magufuli alizindua barabara za juu za Ubungo, zikapewa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyekuwa amefariki wiki moja kabla. Mataa yaliyotutesa yakabaki jina la kituo. Gari sasa linapita Ubungo bila kusimama. Lakini nenda kituo cha mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi ukaone: abiria wamejaa mpaka kwenye ngazi, wanamngoja dereva afungue mlango. Foleni imerudi kwa watu.

Kijana wa "tunza kilichobaki" alifaulu mtihani wake. Siku ya kuaga aliniuliza kama babu hakuwa na neno la pili, la kumaliza. Nikamwambia alikuwa nalo, folaut, na sisi wajukuu ndilo tulilolipenda, kwa sababu lilileta ugali. Kiswahili hakikulichukua. Tafuta katika kamusi yoyote utakayo, hulikuti. Tulilikopa neno la kupangwa tukaliacha la kuachiwa, na sidhani ni bahati mbaya. Kila aliyetupanga alikuwa na sauti wakati wa kutupanga. Wakati wa kutuachia alifunga dirisha tu.

Babu alifariki mwaka 1991, na askari wa Keya waliofika Burma karibu wote wamekwisha. Waliopanga mawe mlangoni mwa duka la ushirika bado wapo, ni mama na bibi zetu, na hadithi zao hazijaandikwa vya kutosha. Mwenye mama wa namna hiyo amwulize wiki hii: jiwe lake lilikuwa na alama gani, alikuwa wa ngapi, na sukari iliishia kwa nani.